Amepata Mtoto, Sasa Analia Nini?



Kuna neno ambalo tumelisikia mara nyingi mno katika nyumba za wakristu wa Kisangani, kutoka Mangobo mpaka Lubunga, nasi leo tunataka kulipinga waziwazi. Mama amezaa. Siku ya kwanza watu wamejaa uani, nyimbo zimeimbwa, kinywaji kimegawiwa, mtoto amepita mikononi mwa wote. Juma la tatu mama huyo anakutwa ameketi peke yake, halali, hali, machozi yanamtoka wala hawezi kueleza kwa nini. Ndipo mtu, tena mara nyingi mtu wa sala, anaposema: "Amepata mtoto, sasa analia nini?"

Neno hilo lina sura ya imani, lakini Maandiko Matakatifu yanalikanusha. Fungueni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 35. Raheli anazaa kwa shida njiani. Mkunga anamfariji kwa kumwambia asiogope, maana huyu naye ni mtoto wa kiume. Wakati huo Raheli anakata roho. Anamwita mtoto Benoni, yaani mwana wa uchungu wangu. Baba analibadili jina hilo na kumwita Benyamini. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 4, mke wa Finehasi anazaa akiwa karibu kufa. Wanawake waliomzunguka wanampa faraja ileile, naye hawajibu wala hawasikilizi. Mara mbili Biblia inatuonyesha watu wema wanaomtazama mtoto huku mama akifa mbele ya macho yao. Mambo hayo hayakuandikwa ili tuyaige.

Sisi makatekista tuna fungu letu katika kosa hili. Kwa miaka mingi tumefundisha sura ya 3 ya Mwanzo, pale mwanamke anapoambiwa kwamba atazaa kwa uchungu, kana kwamba ni amri ya kunyamaza. Sura hiyo inaeleza ulimwengu uliojeruhiwa na dhambi; haitwambii kwamba Mungu anapendezwa na jeraha. Katika sura hiyohiyo mwanamume anaambiwa kwamba ardhi itamwotea miiba na michongoma, na bado hatujapata kumkataza mkulima wa Ubundu kung'oa miiba shambani mwake. Kwa nini basi mama akatazwe kutafuta dawa?

Tuyataje mambo kwa majina yake. Mwili wa aliyezaa una jeraha, hata pale ambapo yote yamekwenda vizuri, kwa kuwa mahali kondo la nyuma lilipobanduka pamebaki kidonda. Damu inayotoka kwa wingi inaweza kumwua mama kwa saa chache. Homa na uchafu wenye harufu mbaya ni dalili za maambukizo. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu na degedege vinaweza kutokea hata siku kadhaa baada ya kuzaa. Na uchungu wa siku mbili bila msaada unaweza kuacha fistula: kichwa cha mtoto kinabana nyama kwenye mfupa wa nyonga, damu haipiti, nyama inakufa, tundu linabaki, na mkojo unavuja usiku na mchana. Mwanamke huyo hakulaaniwa. Ana tundu ambalo daktari mpasuaji anaweza kuliziba, kama wanavyofanya Bukavu katika hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege.

Moyo nao unaweza kuugua. Akina mama wengi hulia siku za kwanza, kisha hali hiyo hupita yenyewe kabla ya majuma mawili. Lakini huzuni ikizidi majuma mawili, mama akikosa usingizi hata mtoto anapolala, akijiona hafai kitu, akitamani kufa, huo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 waliozaa hupatwa na ugonjwa wa namna hiyo, hasa huzuni nzito. Wachache husikia sauti na kupotewa na fahamu ya mambo. Hao wapelekwe hospitali siku hiyohiyo, wala wasiachwe peke yao na mtoto.

Tunajua tutajibiwa nini. Wa kwanza watasema: "Ni shetani, tumwombee." Ndiyo, tumwombee. Lakini nabii Eliya alipolala chini ya mti jangwani akiomba kufa, malaika hakumkemea wala hakumtoa pepo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inatufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu tunazopaswa kuzitunza, na kwamba jamii nzima ina wajibu wa kusaidia. Anayemzuia mama kwenda kwa mganga wa hospitali kwa jina la sala analitumia jina la Mungu vibaya.

Wa pili watasema: "Bibi zetu walizaa kumi na hawakulalamika." Tuwaulize wazee ni bibi wangapi walizikwa pamoja na uzazi wao. Tena bibi aliyepona hakuachwa peke yake. Alikandwa kwa maji ya moto, alipikiwa, mama yake na shangazi zake walimchotea maji. Mjini tumeuacha msaada huo, tukabakiza amri ya kunyamaza tu.

Wa tatu watatutajia Mtakatifu Gianna Beretta Molla, mama wa Italia aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2004, ili kusema kwamba mama mwema hujitoa na kufa. Tunamheshimu kwa moyo wote. Lakini tusome maisha yake yote. Alikuwa daktari, mtu aliyeishi kwa kutibu wengine. Alimzaa mtoto wake wa nne tarehe 21 Aprili 1962, akafariki tarehe 28, kwa maambukizo ya tumbo. Ikiwa juma moja baada ya kuzaa lilimwua daktari aliyekuwa na hospitali karibu, tutamwambiaje mama wa Opala kwamba homa yake ni jambo la kuvumilia?

Kanisa letu linamtetea mtoto aliye tumboni, na linafanya vema. Lakini utetezi huo utaaminiwaje ikiwa tunamwacha mama siku mtoto anapotoka? Sheria ya Musa, katika Walawi sura ya 12, ilimpa aliyemzaa mtoto wa kiume siku arobaini kabla ya kufika hekaluni. Bikira Maria alizitimiza, akaja na sadaka ya maskini, ndege wawili. Waganga wa leo nao wanahesabu majuma sita. Siku hizo arobaini tunawadai ninyi vijana.

Mtembeleeni mama katika juma la pili, la nne na la sita, si siku ya sherehe tu. Chukueni maji na makala. Kabla ya kuomba kumbeba mtoto, mwulizeni: "Mama, wewe mwenyewe unaendeleaje?" Kisha msikilize jibu. Wewe unayeendesha toleka, mpeleke kituo cha afya bila kumhesabia. Ninyi wa Lubunga, mjue mapema ni nani atakayewavusha mto usiku. Katika nchi yetu mama huzuiwa katika nyumba ya uzazi kwa sababu ya deni. Basi sehemu ya fedha za karamu ya ubatizo iingie katika sanduku la kumtoa. Nanyi wavulana mtakaooa, jifunzeni sasa kwamba mke aliyezaa hadaiwi kitanda kabla hajapona, na kwamba ndoo ya maji haimvunji mwanamume heshima.

Katika kikao chenu kijacho, tajeni majina ya akina mama waliozaa katika jumuiya yenu tangu miezi miwili. Ikiwa hakuna anayeyajua, fungeni kikao mapema mkawatafute.

Bikira Maria, mama aliyezaa mbali na kwao, atuombee.