Pomboo Aliyedhaniwa Kuwa Amekwisha Duniani

Wasomaji wetu wa Dodoma, Kondoa na Manyoni, ambao kuiona bahari kwataka safari ya kilomita 400 na zaidi, huenda wakauliza: sisi wakulima wa mtama na wafugaji tuna haja gani na pomboo? Twajibu kwamba elimu ya viumbe haina bara wala pwani. Na yafaa kwanza ifahamike kuwa pomboo si samaki. Huvuta pumzi kwa mapafu, na humnyonyesha mtoto wake kama ng'ombe amnyonyeshavyo ndama.

Katika jamaa zake yumo mmoja mkubwa asiyejulikana sana, ambaye wataalamu humwita Pseudorca, maana yake "muuaji wa uongo", kwa kuwa fuvu lake lafanana na la nyangumi muuaji. Mwaka 1843 fuvu la mnyama huyu lilifukuliwa huko Lincolnshire, Uingereza. Mwanachuoni Richard Owen alilieleza mwaka 1846, akadhani kwamba kabila lake limekwisha kabisa. Kumbe sivyo! Mwaka 1861 kundi kubwa la wanyama hao, wazima, lilitokea katika Ghuba ya Kiel, ambayo leo imo Ujerumani.

Basi hutambuliwaje? Dume huweza kufikia mita 6. Mwili wake ni mwembamba, nao karibu wote ni mweusi. Kichwa ni cha mviringo, hakina mdomo uliochongoka. Na pezi lake la ubavuni lina kipindo mfano wa kiwiko. Nyangumi muuaji ana baka jeupe nyuma ya jicho, huyu hana. Baadhi ya wengine weusi wanaofanana naye hawafikii mita 3.

Hukaa katika bahari kuu zenye joto, Bahari ya Hindi ikiwamo, akila jodari na ngisi, na hugawana windo na wenziwe. Hawaachani hata katika msiba: mwaka 1946 wanyama 835 walikwama pamoja pwani ya Mar del Plata, Argentina.

Lakini jodari ni windo la wavuvi pia. Pomboo huyu huwanyang'anya samaki walionaswa, na mara nyingine ndoana humnasa yeye mwenyewe. Jike huzaa mtoto mmoja tu, na huweza kukaa miaka 6 au 7 kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo wachache wakipotea, pengo halizibiki upesi.

Zamani alihesabiwa kuwa amekwisha, naye yu hai. Yatupasa tuchunge lisije likawa kinyume chake: akatoweka kweli, nasi twadhani yupo, kwa kuwa hatukujifunza kumtambua.