Ng'ombe Wako Anaweza Kufa kwa Shibe

Vijana wengi mkinipigia simu swali ni lile lile: "Afisa, nimpe mahindi na pumba kilo ngapi maziwa yapande?" Leo niseme wazi: hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: anacheua?

Kuna kijana ng'ombe wake aliingia stoo usiku, akala mahindi yaliyoparazwa mpaka basi. Asubuhi yuko chini, tumbo limejaa, anaharisha maji. Kijana akadhani kalishwa sumu. Wapi! Ilikuwa asidi. Tulifika na daktari wa mifugo tumeshachelewa.

Iko hivi. Tumbo kubwa la ng'ombe limejaa bakteria, na hao ndio wanaomeng'enya nyasi. Wewe unalisha bakteria, bakteria wanamlisha ng'ombe. Ila kila seli hai ina vimeng'enya vyake, navyo haviwezi kazi asidi ikizidi. Tumbo hilo linataka pH ya kati ya 6 na 7. Wanga mwingi ukiingia ghafla, bakteria wanatengeneza asidi kupita kiasi. Ikishuka chini ya 5.5 na kukaa huko, wala nyasi wanakwama na ukuta wa tumbo unaungua. Ikizidi, asidi inaingia kwenye damu, ambayo inatakiwa ibaki karibu na 7.4. Hapo unampoteza.

Dawa yake anayo mwenyewe: mate. Kwa siku hutoa zaidi ya lita 100, yana baikaboneti, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Lakini mate hayo huja kwa kutafuna na kucheua majani marefu.

Najua mtasema kiangazi nyasi ni ghali. Kweli. Ng'ombe mpya ni bei gani?

Kwa hiyo: majani kwanza, nafaka baadaye. Nafaka gawa mara 3 au 4 kwa siku, usimwage zote asubuhi. Ukibadili chakula, badili kidogo kidogo kwa wiki 2. Stoo ifungwe. Mchana pita bandani: waliolala, angalau nusu wawe wanacheua. Kama sivyo, usiongeze hata kilo moja.

Lita za leo zisikuulie ng'ombe wa kesho. Kazi njema.