Wanafunzi wa bweni wapewe muda wa kutafuna

Tunapojadili uzito wa vijana wetu, tunauliza wanakula nini. Ni nadra kuuliza wanakula kwa dakika ngapi. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya bweni mkoani Morogoro, na zamu za bwaloni zimenifanya niamini kwamba swali hilo la pili lina uzito uleule.

Foleni ya mchana ni ndefu. Aliye mkiani anapopakuliwa ugali na maharage, kengele ya vipindi imekaribia kulia. Anafinyanga tonge, anachovya, anameza, anateremsha kwa maji. Aliye mbele naye ana haraka zake, maana anayemaliza mapema ndiye anayewahi nyongeza. Kijana akiishi hivyo miaka minne au sita, kasi inakuwa tabia. Akifika chuoni, sahani inabadilika, sasa ni chipsi mayai na soda, lakini kasi ni ya bwaloni.

Mwili hauendi kwa kasi hiyo. Tumbo na utumbo huuarifu ubongo kuhusu shibe kupitia neva na homoni, na kazi hiyo huchukua takriban dakika 20. Anayemaliza sahani kwa dakika tano huongeza nyingine kabla shibe haijamfikia.

Mwaka 2003 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya wanafunzi wa kike 1,695 wenye umri wa miaka 18. Uzito wao, ukilinganishwa na urefu, ulipanda hatua kwa hatua kadiri walivyosema wanakula haraka. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kasi ndiyo inayonenepesha. Lakini mwaka 2019, nchini Marekani, mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwalisha watu 20 vyakula vilivyosindikwa sana kwa wiki mbili, kisha vyakula vya kawaida kwa muda kama huo, wengine wakianza na hivi, wengine na vile. Kwenye vyakula vya viwandani walikula kwa kasi zaidi, wakapitiliza takriban kalori 500 kwa siku, na wakaongezeka karibu kilo moja. Kasi si sababu pekee, ila haiwezi kupuuzwa.

Wapo watakaosema ratiba imejaa na mitihani haisubiri. Nawajibu kwamba muda mwingi wa mlo unaliwa na foleni. Tufungue dirisha la pili la kupakulia. Nyongeza igawiwe wote wakishamaliza, ili pasiwe na mashindano. Matunda na mboga za kutafuna zisikosekane mezani. Walimu wa zamu waketi wale pamoja na wanafunzi.

Na wakuu wa shule wabadilishe jambo moja kwenye ratiba muhula ujao: dakika 30 za mlo zihesabiwe tangu mwanafunzi wa mwisho anapoketi na sahani yake, si tangu wa kwanza anapopakuliwa.