Shauri kwa Madereva: Sauti Ngeni katika Motokari



Fikirini dereva mmoja atokaye Bukavu kwenda Uvira. Nyuma ya kamio wamekaa akina mama wa soko juu ya magunia yao. Wamepita Nyangezi, mbele yao ni mteremko mkali wa Ngomo. Karibu na miguu ya dereva yasikika sauti: ko, ko, ko. Kijana msaidizi asema: «Mzee, kuna kitu kinagonga.» Dereva ajibu: «Ni uzee wa gari, mwanangu,» kisha aongeza sauti ya redio.

Redio haikutengeneza kitu. Imeziba masikio tu. Sauti ngeni ni mjumbe, na yafaa kumsikiliza kabla ya mteremko.

Dereva mwenye busara afanye nini? Kwanza, azime redio na kuondoa vitu vyote vilivyolegea: chupa chini ya kiti, sarafu mlangoni, hata rozari iliyotundikwa kwenye kioo. Mara nyingi mgonjwa ni chupa, si motokari!

Pili, sauti ikibaki, asimamishe gari bila kuzima mtambo, akanyage mafuta. Sauti ikiongezeka, ugonjwa hutoka katika mtambo au katika bomba la moshi. Lakini ikinyamaza gari linaposimama, na kuharakisha kadiri mwendo unavyozidi, atazame magurudumu.

Tatu, aangalie wakati wake. Je, ni chuma kusaga chuma akanyagapo freni? Huenda freni zimelika mpaka mwisho. Je, ni ngurumo inayobadilika katika kona? Pengine gololi za gurudumu zimeharibika: gari likipinda kushoto, uzito huelemea upande wa kuume, na gololi mbovu za upande huo hulia zaidi. Je, ni mgongo wa polepole katika mwendo mdogo? Asimame papo hapo, apime nati za magurudumu.

Nne, asiamini sikio peke yake. Sauti husafiri katika chuma. Kigongacho mbali chaweza kusikika miguuni. Basi dereva aendeshe polepole mahali tambarare, na msaidizi akandamize kwa mkono mlango, kiti na ubao wa mbele. Sauti ikinyamaza chini ya mkono, hapo ndipo palipolegea. Dereva mwenyewe asiiname kutafuta: macho yake ni ya barabara.

Tumrudie dereva wetu. Kijana asema tena kwa heshima: «Mzee, tafadhali, tusimame kidogo.» Safari hii mzee akubali. Wakuta nati mbili za gurudumu la mbele zimelegea. Wazikaza zote, na baada ya mwendo mfupi wasimama tena kuzipima. Akina mama juu ya magunia hawakujua hata hatari waliyoepushwa.

Madereva wengi huweka picha ya Mtakatifu Kristofori mbele yao. Ni desturi njema. Lakini sala haikazi nati. Mikono tuliyopewa na Mungu ndiyo ikazayo. Abebaye watu amekabidhiwa uhai wao, naye atatoa hesabu. Tena, dhamiri nayo hugonga moyoni kwa sauti ndogo. Tusiifunike kwa kelele: tusimame, tuitafute sababu yake, kabla ya kushuka mteremko.

Mungu awalinde safarini.