TUZIJUE ZANA: Mashine ya Nyasi Inayotumia Betri



Mwezi huu tunazungumza juu ya kukata nyasi za ua wa nyumba. Nyasi ndefu karibu na nyumba ni maficho ya nyoka. Kila mwenye nyumba hana budi kuzikata.

Wengi wetu tunatumia fyekeo. Katika nchi kama Marekani, watu wenye ua mkubwa hutumia mashine ya kupanda. Mtu hukaa kwenye kiti na kushika usukani. Visu vilivyo chini ya mashine huzunguka na kukata nyasi. Mashine nyingi za namna hiyo hutumia petroli, lakini ziko pia zinazotumia betri. Hizi hazitoi moshi, na kelele zake ni kidogo.

Labda ndugu yako aliye ng'ambo anataka kukutumia mashine hiyo. Au kijiji chenu kinafikiria kununua moja kwa ajili ya shule na zahanati. Msikubali upesi. Mashine mpya huuzwa kwa maelfu ya dola. Fikirini kwanza mambo manne.

1. UKUBWA WA ENEO
Pima ua wako kwa hatua. Ekari moja ni hatua 70 kwa hatua 70. Mashine nyingi za kupanda zimetengenezwa kwa kazi ya ekari moja au mbili. Ua wa hatua 20 kwa 20 haufiki hata sehemu moja ya kumi ya ekari. Hapo fyekeo linatosha. Lakini uwanja wa mpira wa meta 105 kwa meta 68 ni karibu ekari moja na robo tatu. Hapo mashine ina kazi.

2. UMEME
Betri haijijazi yenyewe. Tuchukue mfano wa mashine yenye betri za volti 48 na ampea-saa 75. Zidisha 48 kwa 75. Jibu ni wati-saa 3,600, yaani uniti 3.6 za umeme. Umeme mwingine hupotea wakati wa kuchaji. Kwa hiyo hesabu uniti 4 au zaidi.

Je, mwenye paneli ya jua ya wati 100 ataweza? Jua likiwaka vizuri kwa saa 5, paneli hiyo hutoa wati-saa 500 tu. Atahitaji zaidi ya siku 7 kujaza betri hizo. Siku zote hizo asiwashe hata taa moja kwa umeme wa paneli hiyo.

3. AINA YA BETRI
Ziko aina mbili. Ya kwanza ni betri ya risasi na asidi, kama ya gari. Ni nzito, na bei yake ni nafuu. Ukiiacha tupu kwa wiki nyingi huharibika. Ya pili ni betri ya lithiamu. Ni nyepesi na hudumu zaidi, lakini ni ghali.

Kabla ya kupokea mashine, uliza: betri mpya inauzwa wapi, na kwa bei gani? Betri ikifa na nyingine haipatikani, mashine itageuka kuwa banda la kuku.

4. ARDHI
Kwenye mteremko mkali mashine inaweza kupinduka na kumlalia dereva. Kisu kikigonga jiwe, hulirusha kwa nguvu na kuumiza mtu. Kwa hiyo okota mawe, chupa na vyuma kabla ya kuanza. Watoto wakae mbali, wala wasipakiwe kamwe. Zima mashine na utoe ufunguo kabla ya kugusa visu. Nyasi zilizofika magotini zipunguze kwanza kwa fyekeo.

Mambo haya yasipotimia, mshukuru ndugu yako kwa moyo wake mwema. Kisha mweleze kitu unachokihitaji zaidi. Fedha za mashine hiyo zinaweza kununua bati, mbuzi au paneli kubwa ya jua.

MASWALI YA KUJADILI
1. Ua wako una hatua ngapi kwa ngapi?
2. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa ngapi?
3. Kijiji kikinunua mashine, nani ataitunza, na fedha za betri mpya zitatoka wapi?