Neno la Mhariri: Lava Ilishuka Njia Moja

Siku hizi ukimbana mtu kwa swali hapa Goma, nani alifyatua risasi, nani alichoma kijiji, hakawii kukujibu kwamba kila mtu ana ukweli wake. Jibu hilo lina sura ya upole. Linazuia ugomvi mezani, na katika mji uliozoea kupokea wenye bunduki wapya, linamkinga anayelitoa. Simlaumu anayenyamaza ili watoto wake walale salama. Ila kunyamaza ni jambo moja, kudai kwamba hakuna cha kusemwa ni jambo lingine, na toleo hili tumeliandaa kulipinga hilo la pili.

Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, anga ya kaskazini mwa mji iligeuka nyekundu. Mwanzoni ilisemekana ni Nyamulagira, mlima ambao kwa kawaida humwaga moto wake porini, mbali na watu. Kumbe ni Nyiragongo, volkano iliyo jirani kabisa na mji. Kati ya majina hayo mawili ndipo ulipokuwa uamuzi wa kulala au kukimbia. Lava haikujali nani anaamini nini: ilifunika nyumba za Buhene, ikakata barabara ya Rutshuru, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao 30 walikufa, wengine wao katika ajali za barabarani wakikimbia.

Lipo jambo la kabla ya usiku ule lisilosemwa vya kutosha. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilikuwa kimekaa miezi kadhaa bila intaneti ya kupokelea habari za vipimo vilivyo mlimani, baada ya ufadhili kukatika mwaka 2020. Tumezoea kudhani ukweli upo tu, kama maji ya ziwa, achote anayetaka. Huu wa mlima ulihitaji betri, vifurushi vya intaneti, na mtu mwenye mshahara wa kukesha akisoma michoro ya mitetemeko. Mji wa watu wengi hivi, uliokwisha kuunguzwa mwaka 2002, uliachwa na masikio yaliyozibwa. Hilo linaniuma hadi leo.

Usiku wa kuamkia tarehe 27, gavana aliamuru mitaa 10 ihamwe kwa kuwa magma ilikuwa imeingia chini ya mji na ziwa. Mamia ya maelfu wakaondoka, wengi wakielekea Sake, wengine wakivuka kwenda Gisenyi. Mlipuko wa pili haukutokea, na wapo wanaosema hadi leo kwamba walidanganywa. Hapana. Anayesema ukweli hakuahidi kubashiri. Anachodaiwa ni kusema anachokijua kwa kadiri anavyokijua, na hatari ilipimwa kweli. Siku mbili baadaye serikali ilitangaza mlipuko mpya, kisha ikakanusha tangazo lake yenyewe. Wengi walicheka. Mimi naliheshimu lile kanusho, kwa sababu ni mara chache tumeona wakubwa wakijisahihisha kabla jua halijachwa.

Lakini ukweli unaweza pia kuuawa na mtu anayeusema. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na ilikuwa ya kweli: iliua watu zaidi ya 2,200 kabla haijatangazwa kwisha Juni 2020. Tarehe 26 Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi, CENI, ilisema Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, kwa sababu ya ugonjwa huo na ukosefu wa usalama. Lakini masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa. Kesho yake waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha Ebola. Na siku ya uchaguzi, tarehe 30, watu wa Beni walijipangia kura yao wenyewe: walisimama kwenye mistari, wakanawa mikono kwanza, ndipo wakapiga kura. Watu walionawa hivyo walikuwa wanaujua ugonjwa. Walichokataa ni kuona ugonjwa wao ukigeuzwa kisingizio. Daktari aliyekuja baadaye na sindano ya chanjo alikuta mlango umefungwa, na hakuwa yeye aliyeufunga.

Ndiyo maana sikubali ule usemi wa kila mtu na ukweli wake. Unamfaa mwenye nguvu, kwa kuwa yeye atasikika hata bila ushahidi. Mama aliyepoteza watu wake Beni au Rutshuru hana jeshi wala redio. Alichonacho ni kwamba jambo lilitokea, mahali fulani, siku fulani, na walioliona wapo. Tukimwambia huo ni ukweli wake tu, tumemnyang'anya hata hicho.

Waandishi wa toleo hili tuliwaomba watenganishe walichokiona, walichoambiwa na wanachodhani. Baadhi walilalamika kwamba makala zinapoteza ladha. Tuliwarudishia makala zao hivyo hivyo. Kuanzia sasa ukurasa wa 2, mbele ya makala zote, ni wa masahihisho: msomaji atakayekuta jina, tarehe au hesabu isiyo sawa atuandikie, nasi tutachapa sahihisho lake hapo, kwa herufi za ukubwa uleule.