Trela ya Farasi ya Nini? Sisi Tuko na Punda

Wasee, mwezi huu kila mtu ananitumia klipu moja. Familia ya Marekani, baba, mama, watoto watatu na farasi wawili, wote wanasafiri na trela moja ndefu. Mbele ya trela kuna vitanda, jiko na choo. Nyuma kuna vyumba vya farasi. Wanafika msituni, farasi wanashushwa, watoto wanachoma soseji, maisha inaendelea. Halafu chini ya klipu ni swali lile lile: "Sisi wa Migori na Homa Bay tunaweza pata hii kitu kwa bei ya chini?"

Jibu langu ni hapana, na sioni kama tunaihitaji. Kabla mnitusi, wacha tupige hesabu.

Farasi mzima ana kilo kama 450 hadi 550. Wawili ni tani moja. Trela ya kubeba farasi wawili, hata ile ya kawaida isiyo na kitanda, yenyewe ikiwa tupu inakaribia tani nyingine. Hapo ni tani mbili. Probox yenyewe ni kama tani moja. Kwa hivyo unaomba Probox ivute Probox mbili, ikipanda kutoka Homa Bay kuelekea Rongo, mathee akiwa mbele na watoto wanne wamebanana nyuma na sufuria. Haiwezi. Utahitaji Land Cruiser ama pikapu kubwa ya dizeli, na mtu mwenye Land Cruiser haulizi mimi mambo ya bei ya chini.

Halafu farasi wenyewe wako wapi? Kenya wapo, sikatai. Wako Ngong kwa mashindano, wako Karen, wako Nanyuki, polisi wako na kikosi chao cha farasi, na ukienda ufuo wa Mombasa kuna mtu atakupandisha mmoja upigwe picha. Lakini huku kwetu? Nimekua nikisoma neno "farasi" kwa vitabu vya shule tu. Na sababu si umaskini peke yake. Bonde la Lambwe, hapo Homa Bay, limejulikana miaka mingi kwa mbung'o, ile nzi inayobeba ugonjwa wa malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Farasi akipata nagana anaumia vibaya sana. Wakati wa mkoloni watu waliogopa kuishi Lambwe kwa sababu ya hiyo nzi. Sasa wewe unataka kuleta farasi wa pesa nyingi aje alale hapo wikendi.

Ukweli ni kwamba sisi tayari tuko na mnyama, tuko na trela, na tuko na mahali pa kwenda. Shida yetu ni aibu.

Mnyama ni punda. Trela ni mkokoteni. (Najua, ukisema "trela" Awendo kila mtu anafikiria ile ya miwa. Ngoja nitafika hapo.)

Agosti iliyopita tulienda na familia kutoka kwa mjomba, ndani kabisa ya Nyatike, hadi ufuoni upande wa Karungu. Tulikuwa watu saba, punda wawili, mkokoteni mmoja, usiku mbili. Dani alikaa juu ya godoro, sisi wengine tukatembea. Punda anaenda mwendo wa mtu, kwa hivyo hakuna mtu aliyeachwa na hakuna aliyelala njiani. Watoto waliongea na dani saa tatu mfululizo, kitu ambacho hakijawahi kufanyika ndani ya matatu, kwa sababu kwa matatu kuna muziki na kila mtu ako na simu.

Nilipoweka video, mtu akaandika: "Hiyo si kambi, hiyo ni kuhama." Nilicheka, lakini hiyo komenti imenikaa. Mzungu akilala nje na mnyama wake ni mapumziko. Sisi tukilala nje na mnyama wetu ni umaskini. Na hiyo hukumu hatukuletewa na mtu, tunajipatia wenyewe. Nenda Thimlich Ohinga, iko hapo hapo Migori, UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikilia, kwingine zinafika zaidi ya mita nne, na zina kama miaka 500. Ndani ya hizo kuta watu waliishi na mifugo yao pamoja, zizi katikati, nyumba kando. Familia na wanyama kulala mahali pamoja hatukufundishwa na klipu.

Sasa kwa wale wanataka kujua pesa.

Trela ndogo ya kuvutwa na gari, ile ya chuma wanachomelea jua kali, niliuliza mafundi wawili, mmoja Rongo na mwingine Migori mjini. Bei waliyonipa ilizunguka laki moja na nusu, na hapo bado hujaweka kile chuma cha kuvutia nyuma ya gari. Na si mchezo wa kufunga kamba uende. Kisheria trela inasajiliwa NTSA kama chombo chake, inapata nambari yake inayoanza na Z, na inahitaji bima. Kama ni ya kutumia mara mbili kwa mwaka, achana nayo. Kodisha pikapu siku ya kwenda na siku ya kurudi. Tuktuk ya mizigo pia ni sawa kwa safari fupi, lakini hiyo ibebe vitu, si watoto.

Mkokoteni wa punda wenye ekseli ya gari kuukuu na tairi za upepo, fundi alisema elfu hamsini hivi, mbao juu. Kwa watu wengi wa huku, hiyo pesa ni sufuri, kwa sababu mkokoteni uko tayari nyumbani kwa mjomba, shangazi ama jirani. Ukifika unafungua punda, unainua vile vyuma vya mbele na kigogo cha panda, unaweka mawe kwa tairi, na hiyo tayari ni kitanda. Uko juu ya ardhi, maji ya mvua yanapita chini. Miti minne kwa kona, turubai juu, neti ya mbu ndani. Neti si ya kujadiliana, hii ni kanda ya ziwa, malaria iko. Mimi nimelala kwa hema ya dukani na nimelala kwa mkokoteni, na mgongo wangu unachagua mkokoteni.

Lakini hapa ndipo nataka tuwe serious kidogo.

Hao punda wawili ni kazi. Binamu yangu anawatumia kubeba maji, na hayo maji ndiyo yanalipa karo ya wadogo zake wawili. Tulipopanga safari, sisi wa mjini tukifurahi kwa grupu, yeye aliuliza swali moja: "Mkimaliza kupiga picha, Jumatatu nani atabeba maji?" Kila mtu akanyamaza. Kwa sababu punda akichechemea Jumapili, mtoto anarudishwa nyumbani Jumatatu.

Kwa hivyo tulikubaliana mambo, na mimi naona kila familia inayotaka kujaribu hii kitu ifanye hivyo. Tulimlipa binamu siku tatu kamili kama vile ungelipa dereva. Si "shukrani", si soda. Na yeye ndiye alikuwa na neno la mwisho kuhusu mzigo, hata dani hakumpinga.

Na mzigo ndio stori. Punda wengi wa huku wana kama kilo 150 hivi. Wataalamu wa mifugo wanasema mgongoni asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Sasa hesabu mwenyewe ile mitungi minne unaona punda amebeba kila asubuhi, halafu juu yake kijana ameketi na kiboko. Hiyo ni kilo 80 kabla ya kijana. Kwa mkokoteni ni afadhali kwa sababu tairi zinabeba uzito, lakini kuna ujinga wake pia. Watu wanafunga punda kwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu na shingo ya kusukuma mti, punda hana. Yeye anasukuma na kifua. Anahitaji mkanda mpana wa kifuani, laini, ulioshonewa gunia ama blanketi kuukuu, si kamba ya nailoni inayokata ngozi. Na mkokoteni hauna breki. Kwa mteremko uzito wote unamsukuma punda kutoka nyuma, kwa hivyo watu wanashuka na wanashika kamba nyuma. Dani pekee ndiye alibaki juu, na tulikuwa wanne kwa kamba.

Mnajua kwa nini nasumbuka hivi? Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8 Kenya nzima. Ya 2019 ikahesabu kama milioni 1.2. Katikati hapo zilifunguliwa machinjio nne, Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana, ngozi ikienda China kutengeneza dawa ya kienyeji inaitwa ejiao. Wizi wa punda ukapanda. Wakati huo mjomba alikuwa anafunga punda zake mlangoni mwa jikoni na kulala na panga. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji mwaka 2020, mahakama ikaondoa marufuku mwaka 2021, halafu Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi ya punda bara zima. Huyo mnyama ambaye mnamcheka kwa komenti, kuna watu wako tayari kumfuata mpaka jikoni kwako usiku.

Mahali pa kwenda. Ruma ndiyo kila mtu anataja, na ni sawa, ndiyo mbuga pekee Kenya ambapo bado kuna korongo wanaoishi porini, wale swala wakubwa wenye uso mweusi na mweupe. Kuna sehemu za kupiga kambi ndani, unalipa kupitia eCitizen. Lakini punda haingii, ni mbuga ya taifa, mifugo hairuhusiwi. Hapo enda na gari, na usivae bluu wala nyeusi, mbung'o anapenda hizo rangi. Ile mitego yao si inashonwa kwa kitambaa cha bluu na nyeusi makusudi?

Kwa punda chagua ufuo, na uongee kwanza na BMU ya hapo pamoja na mwenye shamba. Usiweke kambi karibu na maji. Kiboko anatoka usiku kula nyasi na hataki kukukuta njiani kwake. Sisi tulilala mbali, kwa boma la mtu aliyetuonyesha mahali pa kufunga punda, tukampa kitu kidogo. Kuogelea hatukuogelea, kuna mamba na kuna kichocho. Watoto walinuna jioni moja, kesho yake wavuvi wakaleta omena, wakasahau.

Na barabara. Usipeleke mkokoteni kwa lami ya Rongo kwenda Migori, kabisa. Hapo ndipo naongelea trela za miwa: usiku unakutana na moja imesimama kando, haina taa, haina kitu cha kung'aa nyuma, na gari za Isebania zinapita kama zinafukuzwa. Tumia njia za murram, safiri asubuhi mapema, na ubandike vibandiko vinavyong'aa pande zote mbili za mkokoteni hata kama huna mpango wa kutembea usiku. Punda ananyweshwa kwanza, halafu ndiyo wewe unatafuta chai.

Desemba tunaenda tena. Binamu amesema atakuja, lakini ametoa masharti mawili. Tubebe nusu ya vitu tulivyobeba Agosti, na mimi nishuke kwa mkokoteni nikitaka kuchukua video. Nimekubali yote mawili. Wewe kama una fundi wa Homa Bay, Kendu Bay ama Mbita anayeshona mikanda ya kifuani vizuri, niandikie hapa chini na useme anauza pesa ngapi, kwa sababu ile ya kwetu imeanza kuchanika upande wa kushoto na sitaki ifike Desemba ikiwa hivyo.